Nani anatunga sheria ya samaki wa ziwani? Mabunge ya majimbo na yanavyofanya kazi

Kokoro, wavu wa kukokota, ni haramu Igombe, ni haramu Kayenze, ni haramu Ukerewe, na sangara asiyefika sentimita 50 hatakiwi kushushwa mwaloni (kituo cha kushushia samaki) popote. Makatazo hayo hayakutungwa Mwanza. Yanatokana na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 iliyopitishwa na Bunge, pamoja na kanuni zilizowekwa na waziri chini ya sheria hiyo. Diwani wa kata yenye mialo anaweza kulalamika, kushauri na kusimamia utekelezaji, lakini hana mamlaka ya kupanua wala kubana hata jicho moja la wavu.

Ziwa Michigan kule Marekani limezungukwa na majimbo manne: Michigan, Wisconsin, Illinois na Indiana. Kila jimbo lina leseni yake ya uvuvi, misimu yake na viwango vyake, chini ya sheria zilizopitishwa na bunge la jimbo lenyewe. Nigeria nayo, katika Katiba ya 1999, imeuweka uvuvi kwenye orodha ya mambo ya shirikisho peke yake, kipengele cha 29, halafu hapo hapo ikatoa nje uvuvi wa mito, maziwa, mabwawa na maji mengine ya ndani ya nchi. Samaki wa maziwani, kwa hiyo, ni wa bunge la jimbo. India imeenda njia hiyo hiyo: uvuvi umo katika orodha ya majimbo, kipengele cha 21, na serikali kuu imebakiwa na uvuvi wa nje ya maji ya bahari ya nchi.

Hapo ndipo mabunge ya majimbo yanapoeleweka vizuri zaidi kuliko kwenye picha za majengo na majoho ya maspika. (Tunaposema jimbo hapa tunamaanisha eneo lenye serikali na bunge lake, si jimbo la uchaguzi kama Nyamagana.) Kuwa na watu waliochaguliwa wanaokaa ukumbini na kupiga kura hakutoshi kuwa bunge, hata Baraza la Madiwani lina hayo yote. Cha kuuliza ni mamlaka yametoka kwa nani, na nani anaweza kuyachukua.

Halmashauri si bunge dogo

Mkoa wa Mwanza una halmashauri nane: Jiji la Mwanza, Manispaa ya Ilemela, Magu, Misungwi, Kwimba, Sengerema, Buchosa na Ukerewe. Kila moja ina madiwani waliochaguliwa na wa viti maalumu, wabunge wa eneo hilo huingia kama wajumbe, na meya au mwenyekiti huchaguliwa na wajumbe wenyewe. Kwa nje inafanana kabisa na bunge. Lakini inachotunga ni sheria ndogo, na sheria ndogo haisimami bila sheria mama, yaani sheria ya Bunge inayoiruhusu. Rasimu hutangazwa ili wakazi watoe maoni au pingamizi, hupitishwa na baraza, hupelekwa kwa waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa aikubali, kisha huchapishwa katika Gazeti la Serikali. Waziri akikataa, imekufa. Ikivuka mipaka ya sheria mama, mahakama itaitupa. Mtendaji mkuu, yaani mkurugenzi, hateuliwi na madiwani bali na Rais.

Katiba yetu, ibara ya 145, inataka kuwe na serikali za mitaa, ila ziwe na sura gani na nguvu kiasi gani imeliachia Bunge. Matokeo yake yanaonekana kwenye historia. Mwaka 1972, katika mpango wa madaraka mikoani, serikali za mitaa zilivunjwa nchi nzima. Za mijini zikaanza kurudi 1978, na mfumo wa sasa ukawekewa sheria zake mwaka 1982. Hakuna halmashauri iliyoombwa ridhaa ili ifutwe, wala haikuhitajika.

Kwenye mapato ni vile vile. Kodi ya majengo ilikuwa chanzo cha halmashauri. Mwaka 2016 ukusanyaji wake ukahamishiwa Mamlaka ya Mapato, na 2021 ukaingizwa kwenye LUKU (malipo ya awali ya umeme). Ushuru wa mazao uliokuwa unafika asilimia 5 ulipunguzwa mwaka 2017 ukawa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Yote hayo yalifanyika kwa sheria za fedha zilizopitishwa Dodoma. Mtu anaweza kuona ni uamuzi mzuri au mbaya (mkulima wa pamba wa Kwimba na mweka hazina wa halmashauri yake hawatakubaliana), lakini kisheria hapakuwa na ubishi. Aliyetoa ndiye aliyechukua.

Bunge la jimbo haliko hivyo. Linapata mamlaka kutoka kwenye katiba ile ile inayolipa mamlaka bunge la shirikisho. Ni wapokeaji wawili wa mkono mmoja. Hakuna aliyemkabidhi mwenzake.

Orodha, na kinachobaki nje ya orodha

Karibu kila katiba ya shirikisho hugawa kazi kwa orodha. Nigeria ina orodha ya shirikisho iliyoanza na vipengele 68, ikiwamo ulinzi, sarafu, uraia na anga. Kuna orodha ya pamoja, ambako pande zote mbili zinaweza kutunga. Jambo lisilotajwa popote ni la jimbo. India ina orodha tatu: ya muungano, ya majimbo na ya pamoja, lakini kisichotajwa kinakwenda serikali kuu. Marekani haikuandika orodha ya majimbo kabisa. Marekebisho ya Kumi ya 1791 yanasema tu kwamba mamlaka ambayo shirikisho halikupewa, na ambayo majimbo hayakukatazwa, yamebaki kwa majimbo au kwa wananchi. Ethiopia, kwa katiba yake ya 1995, nayo imeyaachia majimbo mabaki, yaani mambo yasiyotajwa.

Swali la mabaki linaonekana la kitaalamu mno mpaka litokee jambo jipya ambalo waandishi wa katiba hawakuliwaza. Hapo mwenye mabaki ndiye anayeamua.

Orodha zenyewe zinaweza kuhamishwa, lakini si kwa sheria ya kawaida. Nigeria ilifanya hivyo Machi 2023: reli ilitolewa kwenye orodha ya shirikisho na kuwekwa kwenye ya pamoja, na majimbo yakaruhusiwa kuzalisha, kusafirisha na kusambaza umeme hata maeneo yaliyokwishafikiwa na gridi ya taifa. Ili mabadiliko hayo yapite, theluthi mbili ya kila nyumba ya bunge la shirikisho ilihitajika, kisha angalau mabunge 24 kati ya 36 ya majimbo. Marekani inadai robo tatu ya majimbo, yaani 38 kati ya 50. Kura hiyo ya kuridhia marekebisho ya katiba ndiyo nguvu kubwa kuliko zote ya bunge la jimbo, ingawa huitumia mara chache.

Sisi pia tuna orodha. Mkataba wa Muungano wa 1964 ulianza na mambo 11. Nyongeza ya kwanza ya Katiba ya 1977 sasa ina 22. Kwa yasiyo ya Muungano, Baraza la Wawakilishi la Zanzibar linatunga sheria kwa mamlaka ya kikatiba, na ibara ya 64 inasema likitunga sheria juu ya jambo lililo chini ya Bunge, sheria hiyo ni batili. Kwa kipimo hicho, chombo cha Tanzania kinachokaribia zaidi bunge la jimbo kiko Chukwani, Unguja. Bara haina mwenzake. Bunge la Dodoma linafanya kazi mbili kwa wakati mmoja, ya Muungano na ya Bara, na ndiyo maana wabunge kutoka Zanzibar hushiriki kupigia kura sheria ya uvuvi inayotumika Sengerema, ilhali uvuvi si jambo la Muungano na Zanzibar ina sheria yake. Katika shirikisho lililokamilika hali hiyo ingekuwa ya ajabu.

Safari ya muswada

Tuifuate kwa Nigeria, kwa sababu hatua zake ni rahisi kufuatilia. Kila jimbo lina nyumba moja, House of Assembly. Idadi ya wajumbe ni mara tatu au nne ya viti vya jimbo hilo katika Baraza la Wawakilishi la shirikisho, isipungue 24 wala kuzidi 40. Lagos na Kano zina 40.

Muswada husomwa mara ya kwanza kwa kichwa tu. Mara ya pili hujadiliwa misingi yake: je, tunahitaji sheria hii? Ukipita unakwenda kwenye kamati, na hapo ndipo kazi hasa inapofanyika. Kamati husikiliza wadau, huchambua kifungu kwa kifungu, hurudisha taarifa kwa nyumba nzima, kisha muswada husomwa mara ya tatu na kupigiwa kura. Nakala safi hupelekwa kwa gavana. Gavana ana siku 30. Akikataa au akikaa kimya, wajumbe wanaweza kuupitisha tena kwa theluthi mbili, na hapo hahitajiki tena: kwa nyumba ya watu 24 ni kura 16, kwa nyumba ya 40 ni kura 27.

Marekani majimbo 49 yana nyumba mbili, seneti na baraza; Nebraska pekee ina moja, tangu 1937. Penye nyumba mbili, muswada lazima upite kote kwa maneno yale yale hadi nukta. Zikitofautiana, wajumbe wachache wa kila upande hukutana kusawazisha. Ukubwa hautabiriki: baraza la New Hampshire, jimbo dogo, lina wajumbe 400, na kila mmoja hulipwa dola 100 kwa mwaka.

Kalenda ni jambo ambalo wasomaji wengi hulipita, nalo lina uzito kuliko idadi ya viti. Bunge la Texas hukutana kwa kawaida siku 140, tena kila mwaka usiogawanyika kwa mbili. Miswada mingi hupitishwa wiki za mwisho. Gavana ana siku kumi za kuamua, lakini kikao kikifungwa anapata 20, na akitumia kura ya turufu baada ya wajumbe kwenda makwao hakuna wa kuitengua. Kikao maalumu anakiita yeye, hakizidi siku 30, na ajenda anaiweka yeye. Kwa hiyo mtu akikuambia bunge fulani lina haki ya kumpiku gavana kwa theluthi mbili, muulize kwanza: likiwa limekutana lini?

Sheria mbili zikigongana

Kanuni ya jumla ni kwamba penye mamlaka ya pamoja, sheria ya shirikisho inashinda. Nigeria inasema hivyo katika kifungu cha 4(5), na inaongeza maneno ya maana: sheria ya jimbo inakuwa batili kwa kiasi cha mgongano. Vifungu vingine vinabaki. India imeacha mlango: sheria ya jimbo katika orodha ya pamoja inaweza kushinda ndani ya jimbo hilo kama ilihifadhiwa kwa ajili ya Rais naye akairidhia, ingawa Bunge la Delhi linaweza kuja kuifuta baadaye.

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba serikali kuu ni mkubwa daima. Ikitunga sheria juu ya jambo la jimbo peke yake, inayobatilika ni sheria ya serikali kuu. Mwamuzi ni mahakama, na shirikisho lisilo na mahakama huru ni la kwenye karatasi tu.

Ila serikali kuu ina njia nyingine: pesa. Mwaka 1984 Congress, bunge la shirikisho la Marekani, ilitaka umri wa kununua pombe uwe miaka 21 nchi nzima. Haikuamuru. Ilisema jimbo litakaloruhusu chini ya hapo litakatwa sehemu ya fedha za barabara kuu. South Dakota ilikwenda mahakamani, na mwaka 1987 Mahakama Kuu kabisa ya nchi ikasema masharti ya namna hiyo yanakubalika. Kufikia 1988 majimbo yote yalikuwa yamebadilisha sheria zao, kila bunge kwa kura yake, kwa hiari yenye kisu mgongoni.

India imeifunga pesa kwa namna tofauti. Tangu 2017 kodi ya bidhaa na huduma hupangwa kwa mapendekezo ya baraza la pamoja ambalo uamuzi wake unahitaji robo tatu ya kura. Serikali kuu ina uzito wa theluthi moja, majimbo yote kwa pamoja theluthi mbili. Piga hesabu: bila serikali kuu robo tatu haifikiwi. Mabunge ya majimbo yaliuza uhuru wa kupanga kodi hiyo ili yapate soko moja, na sidhani yataununua tena.

Kwa kulinganisha, Texas haina kodi ya mapato ya mtu binafsi na California inatoza hadi asilimia 13.3 kwa matajiri. Tofauti ya namna hiyo kati ya Mwanza na Geita haiwezekani.

Panapoharibika

Udhaifu wa kwanza ni gavana aliyeshika mfuko. Nigeria, kwa miaka mingi, fedha za uendeshaji wa bunge la jimbo zilipitia mikononi mwa gavana, naye aliweza kuzichelewesha mpaka spika ajirekebishe. Mwaka 2018 katiba ilirekebishwa ili fedha hizo zilipwe moja kwa moja. Utekelezaji ulipigiwa danadana, na Rais alipojaribu kuusukuma kwa amri ya kiutendaji mwaka 2020, Mahakama ya Juu ikaibatilisha amri hiyo 2022 kwa sababu hakuwa na mamlaka. Wanaolibeza bunge la jimbo kuwa ni muhuri wa gavana hawajakosea sana.

Wa pili ni kuchanganya akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotosha kikao kufanyika, na kura. Novemba 2006, jimbo la Plateau, wajumbe 8 kati ya 24 walikaa na kumwondoa Gavana Joshua Dariye. Nane ni theluthi moja, kwa hiyo kikao kilikuwa na akidi. Lakini kumwondoa gavana kunahitaji theluthi mbili ya wajumbe wote, yaani 16. Mahakama ya Juu ilibatilisha kitendo hicho mwaka uliofuata.

Wa tatu ni hali ya hatari. Machi 2025 Rais Bola Tinubu alitangaza hali ya hatari katika jimbo la Rivers, akamsimamisha gavana pamoja na bunge zima la jimbo kwa miezi sita. Waliorudi Septemba walirudi kwenye viti vyao, lakini nusu mwaka jimbo lilikuwa halina bunge.

Hata kuzaliwa kwa jimbo kunapimika hivyo hivyo. Geita ilikatwa kutoka Mwanza, Shinyanga na Kagera na kuwa mkoa mwaka 2012 kwa mamlaka ya Rais. Nigeria, jimbo jipya linahitaji theluthi mbili ya bunge la shirikisho, kura ya maoni ya wenyeji na ridhaa ya majimbo mengine. India iko karibu na sisi kuliko watu wanavyodhani: Januari 2014 bunge la Andhra Pradesh lilikataa muswada wa kuligawa jimbo lake, Delhi ikaendelea, na tarehe 2 Juni Telangana ikawa jimbo. Katiba inataka bunge la jimbo liulizwe. Haisemi lisikilizwe.

Ng'ambo ya ziwa

Kenya si shirikisho. Ilijaribu majimbo mwaka 1963, mikoa saba yenye mabunge, na kuanzia 1964 yakavunjwa nguvu. Kaunti 47 za Katiba ya 2010 ni kitu cha katikati, na tano kati yake, Busia, Siaya, Kisumu, Homa Bay na Migori, zinagusa ziwa letu. Bunge la kaunti hutunga sheria kwa ibara ya 185. Gavana ana siku 14 kutia saini au kurudisha. Likipitisha tena kwa theluthi mbili, muswada unakuwa sheria. Linaweza kuanzisha kumwondoa gavana, ila neno la mwisho ni la Seneti: Meru ilijaribu mara tatu kabla Seneti haijakubali, Agosti 2024. Na muundo wa ugatuzi, yaani ugawaji huo wa madaraka kwa kaunti, hauwezi kubadilishwa bila kura ya maoni, kwa hiyo yaliyotokea kwetu 1972 kule hayawezi kufanywa kwa sheria ya kawaida.

Samaki, hata hivyo, wameangukia pande mbili. Jedwali la nne la katiba hiyo linaipa serikali ya taifa hifadhi ya mazingira ikiwamo uvuvi, kisha linazipa kaunti kilimo ikiwamo uvuvi. Ni mgawanyo ulioandikwa kwa haraka. Penye kugongana inatumika ibara ya 191, na mara nyingi inaishia kuipa taifa nyavu na viwango, kaunti mialo na masoko.

Fedha nazo zina kasoro yake. Kaunti zimehakikishiwa angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, lakini hesabu hiyo hufanywa kwa mapato ya mwisho yaliyokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge. Ukaguzi ukichelewa miaka miwili mitatu, kiwango cha chini kinakuwa asilimia 15 ya pesa za zamani.

Mfanyabiashara wa dagaa kutoka Kirumba anayepeleka mzigo Kisumu atakutana na ngazi zote mbili. Forodha ni ya taifa, kwa sheria za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ada ya soko ni ya kaunti, na kiwango chake kinapaswa kuwa ndani ya Sheria ya Fedha ya kaunti ya mwaka huo, aombe kuiona. Mahakama Kuu iliifuta ile ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Na kaunti ya njiani inayodai ushuru kwa mzigo unaopita tu inakaribia kukiuka ibara ya 209(5), inayokataza kaunti kutumia kodi zake kuzuia bidhaa kusafiri nchini. Adai risiti yenye jina la kaunti na kifungu kilichotumika, maana bila hivyo hata wakili hana pa kuanzia.